Riwaya yangu inauzwa PDF mtaani, na mchapishaji anataka "haki zote". Nisaini?

Fundi wa Rangi Tatu

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mbagala Rangi Tatu, na nina ugonjwa mwingine ambao mume wangu anauita shetani la kalamu: naandika hadithi. Naandika kwenye kaunta buku ya kwaya tatu, ileile ninayoandikia vipimo vya wateja, maana sina nafasi ya kubeba madaftari mawili kwenye daladala. Ukurasa wa kushoto kifua 40, kiuno 36, hipsi 44, kitenge cha Mama Jasmini, tarehe ya kuchukua. Ukurasa wa kulia Zuhura anagundua mumewe ana familia nyingine Kigamboni. Usiku nikishafunga kibanda naichapa kwenye simu na kuirusha kundini WhatsApp. Sehemu tano za mwanzo bure, kuanzia ya sita unalipia 2,000 ndipo nakuingiza kundi la pili.

Riwaya ilikwisha sehemu ya 46. Waliolipa hawakufika mia mbili, ila kwangu zilikuwa hela. Overloki ninayotumia sasa hivi imetoka kwa Zuhura.

Juzi mteja kaja kujaribu sketi, anasubiri nimalizie lisi, kachomoa simu anasoma na kucheka peke yake. Nikachungulia. Ni Zuhura wangu! Wamemgeuza PDF, wamempa jalada la mwanamke wa Kizungu analia mvuani, jina langu halipo kokote, na ukurasa wa mwisho kuna namba ya kulipia 1,000. Kaipata kwenye kundi la Telegram. Niliimalizia ile sketi mikono ikitetemeka, na upindo ulikwenda upande, nikarudia.

Kinachouma zaidi, mwizi hata kusoma hakusoma. Sehemu ya 14 Zuhura anamwambia mumewe "leo utanieleza", halafu yanafuata maneno "bega 15 mkono nusu shingo mraba". Siku hiyo nilikuwa nanakili nimesinzia, jicho likarukia ukurasa wa kushoto. Kundini walinicheka wiki nzima, mpaka leo kuna wanaoniita Shingo Mraba. Kwenye PDF limo vilevile, neno kwa neno.

Wakati hilo halijapoa, mchapishaji mmoja (simtaji) kaniita ofisini kwake mjini. Kaipenda kazi, anatoa 400,000 taslimu na nakala 10 za bure. Mkataba kurasa mbili. Kifungu cha tatu nakinakili kilivyo: "Mwandishi anahamisha kwa Mchapishaji haki zote za kazi hii, kwa muda wote wa hakimiliki, kwa lugha zote na kwa namna zote za utoaji zilizopo na zitakazobuniwa." Anataka saini kabla ya Ijumaa. Siwadanganyi, laki nne nimeitamani. Kodi ya kibanda inaisha mwezi huu.

Sijasajili popote. Je, hii riwaya ni yangu kisheria au nimeshachelewa? Shoga yangu anasema nijitumie muswada kwa posta na bahasha nisiifungue. Mwingine anasema nikipata ISBN nimemaliza. Natanguliza shukrani.

Mtoto wa Gerezani

Dada, nenda BRELA kasajili jina la hadithi, halafu chukua ISBN. Ukiwa na ISBN hakuna wa kukugusa. Mwizi mpeleke polisi. Na hiyo laki nne chukua haraka, waandishi wengi bongo hawapati hata mia. Tamaa mbaya.

Mzee wa Prufu

Hujambo mwanangu. Nimesoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kwenye nyumba za vitabu hapa mjini tangu herufi zinapangwa kwa mkono na vidole vyeusi, nikastaafu zikiwa kwenye kompyuta. Mimi si wakili. Lakini mikataba ya waandishi imepita mezani kwangu mingi, na vilio vyao vimepita zaidi.

Mtoto wa Gerezani, kijana wangu, umechanganya ofisi tatu ndani ya sentensi mbili. BRELA ni ya kampuni, majina ya biashara na alama za biashara. Fundi akitaka kuifanya "Shingo Mraba" alama ya kibanda chake, hapo aende BRELA. Riwaya haisajiliwi kule.

ISBN nayo ni namba ya kukitambulisha kitabu dukani na maktabani. Geuza kitabu chochote kilichochapwa hapa nchini uangalie nyuma: mara nyingi utakuta 978, kisha 9976 au 9987, hizo ni tarakimu za Tanzania. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ichukue, maana duka la vitabu litakuuliza. Ila haisemi nani mwenye kazi. Mwizi naye akijifanya mchapishaji anaweza kuomba yake.

Sasa jibu lako. Riwaya ni yako, na imekuwa yako tangu siku ulipoiandika kwenye hiyo kaunta buku. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inailinda kazi kwa sababu tu imetungwa. Haingoji muhuri wala ada. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, akiichapa mtu aliyeko Nairobi au London bado amekuibia wewe wa Rangi Tatu. Haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo wajukuu wamo.

Ila elewa kinacholindwa. Ni maneno yako, wahusika ulivyowajenga, jinsi ulivyoipanga. Wazo tupu halilindwi. Mume mwenye familia ya pili Kigamboni ni mali ya umma, nusu ya jiji hili wana hadithi hiyo nyumbani kwao.

Sasa kusajili ni kwa nini, kama haki unayo tayari? Ni kwa ajili ya ushahidi. COSOTA, zamani kikiitwa Chama cha Hakimiliki na siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki, wanasajili kazi. Unajaza fomu, unapeleka nakala, kitambulisho na ada. Mkibishana baadaye, wewe unacho cheti chenye tarehe na mwenzako ana maneno. Bahasha ya posta ni ushauri wa tangu ujana wangu na haujawahi kunishawishi: mtu anaweza kujitumia bahasha wazi leo akaifunga mwakani. Hela ya stempu nunulia uzi.

Lakini wewe ushahidi wako ni mzuri kuliko wa waandishi wengi niliowajua, na umeutaja kama utani. Ile kaunta buku usiichane, usiitupe, usimpe mtoto achoree. Kila ukurasa wa hadithi umekaa ubavuni mwa ukurasa wenye jina la mteja na tarehe ya kuchukua nguo. Nani atakaa aghushi vipimo vya hipsi miaka mitatu mfululizo ili aibe riwaya? Na hiyo "bega 15 mkono nusu shingo mraba" ni dhahabu. Wachora ramani na watunga kamusi wa nchi za nje wana desturi ya kupanda kosa makusudi, mtaa usiokuwepo au neno la uongo, ili anayenakili ajikamatishe. Wewe umelipanda kwa usingizi. Mwizi hawezi kusema naye alikuwa anatunga, akafikia ugomvi wa mke na mume, na kichwani mwake likaingia bega la mteja wako.

Piga picha kurasa hizo. Hifadhi yale mazungumzo ya kundi yenye tarehe, usifute hata ukiishiwa nafasi kwenye simu, na nakala nyingine iweke kwenye barua pepe. Nunua hiyo PDF, ndiyo, lipa hiyo 1,000, utunze risiti.

Mkataba. Hapa nitakaa kidogo.

Haki za mwandishi zichukulie kama nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati na vyumba sita. Chumba kimoja ni kuchapa kitabu cha karatasi kwa Kiswahili. Kingine kitabu cha kusomea kwenye simu. Kingine simulizi ya sauti, hizi mnazosikiliza YouTube kwenye foleni. Kingine tafsiri, kingine filamu na tamthilia. Na kile cha uani ambacho watu hukidharau ni kuchukua sura moja moja ikaingizwa kwenye gazeti au kitabu cha shule. Leseni ni kupangisha: unasema chumba gani, miaka mingapi, kodi kiasi gani, na mpangaji hampangishi mwenzake bila wewe kujua. Uhamisho ni kuuza nyumba na hati yake. Huyo mchapishaji anataka chumba kimoja cha mbele. Karatasi aliyokuletea ni ya kuuza nyumba nzima pamoja na kiwanja, na bei aliyoandika ni ya kodi ya chumba. Sheria inataka uhamisho uwe kwa maandishi, ndiyo maana anakimbizana na Ijumaa.

Kuna haki usiyoweza kumuuzia hata ukitaka, ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi na ya kuzuia kazi isiharibiwe kwa namna ya kukudhalilisha. Wenyewe wanaita haki za kimaadili. Hizo nyingine za kuchapa na kuuza ndizo haki za kiuchumi. Yule wa PDF amekuibia zote mbili kwa mkupuo.

Nikupe kisa kimoja, nyumba ya vitabu yenyewe siitaji. Kulikuwa na mama mmoja mwalimu, kazi yake niliisoma prufu mimi. Alisaini "haki zote" kwa hela iliyotosha bati za nyumba yake, akafurahi, akatuletea na karanga ofisini. Kitabu kikapendwa, kikarudiwa kuchapwa mara nne nikiwepo. Miaka mingi baadaye nikamwona dukani kwetu, kasimama kaunta, anahesabu noti za kununua nakala tatu za kitabu chake mwenyewe. Alimwomba muuzaji punguzo. Muuzaji kijana hakumjua, akamwambia mama bei ni hiyohiyo. Nililipa mimi zile nakala, na sikuweza kumtazama usoni.

Kwa hiyo rudi pale umwambie kwa adabu: nakupa leseni, sikuhamishii. Iandikwe Kiswahili, kitabu cha karatasi, Tanzania, miaka mitano. Kitabu kikiisha madukani miezi 12 bila kurudiwa, haki inarudi kwangu. Na mirabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa. Mara nyingi nilizokutana nazo ni asilimia 10, lakini uliza asilimia 10 ya nini. Kitabu cha 10,000, ukihesabu kwa bei ya jalada unapata 1,000 kwa nakala. Akihesabu kwa hela inayomfikia baada ya duka kukata asilimia 40, unapata 600. Kwa nakala 500 tofauti ni laki mbili, kwa neno moja lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Na ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya jina la kitabu, alama ya © ifuatwe na mwaka na jina lako wewe. Si la kampuni. Alama yenyewe si lazima kisheria, ila inamwonyesha mtu mlango wa kubisha hodi akitaka ruhusa.

Abiria wa Mwendokasi

Naomba radhi kabla sijasema. Mimi hiyo PDF niliinunua mwezi uliopita, nikaimaliza kwa siku mbili nikienda na kurudi kazini. Ile "shingo mraba" nilijua ni mafumbo ya mapenzi, nikawa natafakari maana yake 😀

Fundi, niwie radhi. Ujumbe wa muamala ninao bado, na unajua ukituma hela kwa simu jina la mwenye laini linatokea. Kwa hiyo jina lipo, tarehe ipo, kiasi kipo. Nikutumie? Na ile 2,000 yako nitakulipa, sijisikii vizuri kabisa.

Mzee wa Prufu

Mtumie kwa faragha, kijana, hapa hadharani jina la mtu lisitajwe. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi yake asiyejua lolote. Fundi achukue ujumbe huo, PDF yenyewe na picha za kaunta buku, apeleke COSOTA na polisi. Kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini ni kosa la jinai, na hapohapo unaweza kudai fidia mahakamani. Kwenye ile mitandao yenyewe pia kuna fomu ya kuripoti uvunjaji wa hakimiliki. Unaweka kiungo, unaeleza kazi ni ipi na wewe ni nani. Haikurudishii hela, ila inaweza kulifunga duka lake.

Fundi wa Rangi Tatu

Shikamoo mzee. Nimekusoma mara mbili, na ya pili nilimsomea mume wangu kwa sauti. Kile kisa cha mama wa punguzo kilimnyamazisha, tangu jana hajataja shetani la kalamu.

Abiria, nimekusamehe, ujumbe umenifikia. Na 2,000 imeingia, ahsante.

Sasa nina mengine mawili, msinichoke. Jalada: mdogo wangu ananitengenezea, kachukua picha nzuri ya Pantoni la Kigamboni jua linazama, kaitoa mtandaoni. Kuna shida? La pili: sehemu ya 9 Zuhura yuko baa ya mjomba wake, inapigwa nyimbo ya zamani ya Mbaraka Mwinshehe, na mimi nimeweka mistari minne ya ile nyimbo, maana ndiyo inayomliza. Marehemu alishafariki zamani sana, nadhani ni ruksa?

Dizaina wa Mwenge

Hapa kwenye picha niachieni, ndiyo ugali wangu. Picha ya mtandaoni ina mwenyewe, hata kama haina jina wala alama. Aliyesimama kivukoni akabonyeza ndiye mwenye haki. Mwambie mdogo wako apande pantoni na simu yake jioni moja ambayo hakuna mawingu, nauli ni ya mfukoni. Mimi nimewahi kurudia jalada zima usiku wa manane baada ya mteja kupigiwa simu na mpigapicha, na kazi ya pili sikulipwa.

Jingine ambalo wateja hawaulizi mpaka wagombane na sisi: jalada nikilichora mimi, nina haki zangu kwenye ule mchoro. Usidhani kwa kuwa umelipa basi kila kitu kimehama. Muandikishane hata nusu karatasi: nimelipwa kiasi hiki, jalada litumike kwenye kitabu, matangazo na matoleo yajayo, na faili la kuharirika umepewa. Hata kama ni mdogo wako. Hasa kama ni mdogo wako. Na fonti nazo zina leseni, zile za bure nyingine ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu, kwenye kitu cha kuuza hapana.

Halafu ukiamua kuchapa mwenyewe, usichanganye mchapaji na mchapishaji. Mchapaji wa Kariakoo unamlipa, anakupigia chapa, basi, hana hisa kwenye kazi. Ila faili lako linabaki kwenye mashine yake. Muandikishane idadi ya nakala, na hesabu mwenyewe zikitoka. Kuna mteja wangu aliagiza 500, baadaye akakutana na kitabu chake barabarani Posta, kimepangwa chini na mitumba ya vitabu, na yeye kwa muuzaji yule hakuwahi kupeleka hata kimoja.

Mzee wa Prufu

Marahaba mwanangu.

Wimbo. Hesabu yake ni hii: mtunzi akifa, tunahesabu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979. Jumlisha 50, unapata mwisho wa 2029. Kwa hiyo nyimbo alizotunga yeye bado zina wenyewe, warithi wake au yeyote aliyeuziwa kihalali. "Zamani sana" si kipimo cha kisheria. Linganisha na Shaaban Robert aliyefariki 1962: yeye kwa sheria yetu miaka hiyo 50 ilitimia mwisho wa 2012, ubeti wake ungeweza kuuweka mwanzo wa kitabu bila kubisha hodi kwa mtu. Ila dibaji na maelezo ambayo mhariri wa juzijuzi ameongeza kwenye toleo jipya ni ya huyo mhariri.

Utasikia watu wakisema mistari minne ni kidogo, sheria inaruhusu kunukuu. Ni kweli inaruhusu, kwa kiasi cha haki, ukitaja chanzo na mtunzi, na ndivyo wafanyavyo wahakiki na wanafunzi. Lakini riwaya si uhakiki, na wimbo wenyewe mzima una mistari mingapi? Minne ya kiitikio ndiyo roho yake. Mimi nisingeipitisha bila barua ya ruhusa.

Tena, kama msomaji na si kama mtu wa mikataba: huihitaji. Jina la mwanamuziki kulitaja hakuna ubaya. Tuonyeshe lile gitaa la solo linavyoingia, mjomba anavyoacha kufuta glasi, Zuhura anavyogeukia ukuta. Maneno ya wimbo aliyewahi kuusikia atajiimbia mwenyewe. Asiyeusikia, mistari yako minne isingemliza.

Binti Darajani

Niongeze dogo kwa wenzetu wa Unguja na Pemba wanaosoma uzi huu. Ile Sura ya 218 ni ya Bara. Huku kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 na ofisi yetu COSOZA. Mchapishaji akikuandikia "Tanzania" kwenye mkataba muulize anakusudia pande zote mbili au upande mmoja. Mimi wangu ulinichukua miezi kulisawazisha neno hilo moja.

Mtoto wa Gerezani

Mzee, nimekubali, nilikuwa natoa ushauri wa kijiweni. Nina mashairi yangu kama sitini kwenye simu na simu yenyewe kioo kimepasuka. Kesho nanunua kaunta buku.

Fundi wa Rangi Tatu

Wakuu, narudisha majibu, maana nyuzi nyingi humu mtu anaomba msaada kisha anapotea.

Alhamisi nilikwenda kwa mchapishaji. Nilivaa gauni nililoshona mwenyewe, la shingo mraba, makusudi. Nikamwambia ile habari ya vyumba sita kama mzee alivyoieleza. Alicheka, akasema nani kakufundisha, nikamwambia wapangaji. Kifungu cha tatu amekikata kwa kalamu na tumetia saini zetu pembeni wote wawili: leseni, Kiswahili, kitabu cha karatasi, Tanzania Bara na Zanzibar (ahsante Binti Darajani), miaka mitano. Mirabaha asilimia 10 ya bei ya jalada. Laki nne imeshuka kuwa laki mbili, na inahesabiwa kuwa malipo ya mbele ya hiyo mirabaha. Kodi ya kibanda nimelipa ya miezi mitatu badala ya sita, mwenye nyumba kanuna.

Simulizi ya sauti aling'ang'ania. Nilitaka kulegea, kwa kweli, alikuwa ameshaagiza soda. Nikakumbuka yule mama kaunta. Nikamwambia hicho chumba kina mpangaji anakuja kukiona. Mpangaji mwenyewe hayupo bado.

Mistari minne ya baa nimeifuta. Imebaki gitaa na mjomba na glasi. Mzee, niliandika upya mara sita, na shoga yangu aliyesoma zote mbili kaniuliza kwa nini hii ya sasa inauma zaidi. Mdogo wangu kapanda pantoni jioni mbili, ya kwanza kulikuwa na mawingu. Tumeandikishana na yeye pia, kanidai chips kuku.

COSOTA fomu nimejaza. Nilipokwenda kutoa taarifa ya yule wa PDF niliambatanisha ukurasa wa sehemu ya 14, wa kushoto na wa kulia. Nikaulizwa hili bega 15 ni la nani na kama mwenyewe yupo athibitishe tarehe. Ni la Mama Jasmini. Nilimfuata kwake jioni hiyohiyo nikamweleza yote, kuanzia PDF mpaka bega lake lilivyozunguka Telegram nchi nzima. Alikaa kimya, halafu akasema ushahidi atatoa popote atakapoitwa, ila anataka gauni jingine bure, na safari hii mkono mrefu.